Pepo Linaloitwa Peristalsisi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaomba naungama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si rafiki yangu tunayekaa dawati moja, si mama, hata Mungu mwenyewe sijamwambia ingawa yeye najua alikuwepo: lile pepo ambalo kikundi chetu chote cha maombi kinaomba litoke, jina lake limetoka kwangu, na mimi nimelitoa kwenye daftari la Biolojia.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi huku Litapunga na bibi yangu mzaa mama, sisi nyumbani tunamwita Nyokuru kwa Kirundi, mama yeye yuko Mpanda mjini anapika kwenye mgahawa wa watu. Mimi ni mtu wa aibu sana. Mwalimu Sylvanus wa Biolojia akiniuliza swali jibu nalijua kabisa ila linakwama kooni kama tonge la ugali wa muhogo, mpaka anamwuliza mwingine, na huyo mwingine anakosea, na mimi nakaa pale nalijua.

Sasa ijumaa moja mimi na Nyokuru na kikundi chetu cha maombi tulikuwa nyumbani kwa mwinjilisti Gervais, ambaye siku za kawaida ni fundi baiskeli na ni mtu mwema, usije ukamwelewa vibaya, tulikuwa tumefunga tangu asubuhi kuombea mitihani, na ikafika saa ya kuomba kimyakimya, kila mtu kafumba macho, na mimi nimefumba lakini kusema ukweli nilikuwa siombi, nilikuwa nakariri, maana jumatatu kulikuwa na jaribio na mwalimu Sylvanus anataka maana ya kila neno kwa Kiingereza vilevile alivyoiandika ubaoni, Kiswahili hataki hata kukisikia. Nilikuwa nimefika kwenye lile neno la misuli ya koo na utumbo kujibana na kuachia, kujibana na kuachia, ili chakula kisukumwe kwenda chini. Linaitwa peristalsisi. Nikalirudia, nikalirudia, na palepale tumbo langu likanguruma.

Mshauri, sijui nikuelezeje. Lilianza kama pikipiki inayokataa kuwaka, likapanda, likamalizia juu kabisa kama mtu anayeuliza swali.

Gervais akafumbua macho. "Kuna kitu kimesema."

"Kimesema nini?" akauliza Mama Immaculata, yule anayekaaga mbele.

"Sijaelewa. Wewe uliyemo humo ndani, rudia."

Na tumbo likarudia.

Basi wakanizunguka, mikono kichwani, mikono mabegani, Jean-Marie mpiga ngoma wa kwaya akaanza kupiga taratibu, na Gervais akaniinamia akasema kwa sauti ile ya kuamrisha, "Jina lako nani?" Najua alikuwa hasemi na mimi, jina langu analijua, ndiye aliyenitengenezea baiskeli. Lakini mtu akinisimamia hivyo na kuniuliza swali mbele za watu mimi naona mwalimu Sylvanus, na kichwani mlikuwa na neno moja tu, na safari hii, sijui kwa nini, halikukwama. Nikasema, "Peristalsisi."

Gervais akawageukia wenzake.

"Mh," akasema Mama Immaculata. "Hilo si la huku."

"Hata Burundi sikulisikia," akasema Nyokuru.

"Ni la Kigiriki hilo," akasema Jean-Marie, ngoma ikiwa bado inaenda. "Yote yanayoishia na hiyo '-sisi' ni ya Kigiriki."

"Peristalsisi, toka!" akasema Gervais, na ndani yangu likajibu, likaanza kutembea, naye akalifuata kwa sauti, "Linashuka, linashuka, zuieni mlango!" Mlango gani sijui, mshauri, ila mimi niliubana ule niliokuwa nao.

Halikutoka. Wakasema ni sugu, wakaamua mimi nifunge mpaka Jumapili ya mavuno, maji tu mchana, jioni uji kidogo wa kushikilia uhai, na siku hiyo watalimaliza mbele ya kanisa zima. Ningeweza kusema palepale. Neno lenyewe lilikuwa mfukoni mwangu, kwenye kikaratasi nilichonakili daftarini kwa peni ya bluu. Sikusema, na sitakudanganya kwamba ni aibu peke yake. Tangu nizaliwe sijawahi kuangaliwa na watu wengi namna ile. Mama Immaculata alinifuta jasho kwa kitenge chake kipya. Jean-Marie alinisindikiza mpaka kwetu akaniuliza kama nasikia baridi. Kuna kipande cha moyo wangu kilipenda, na hicho ndicho kinachonitia aibu kuliko tumbo lenyewe.

Kesho yake nikatafuna muhogo mbichi chooni.

Nimeendelea hivyohivyo, chooni, nyuma ya kichaka cha nyumba za walimu, karanga kwenye soksi, na kinachonichanganya ni kwamba hata nikila linanguruma, wakati mwingine ndiyo kwanza linanguruma baada ya kula. Halafu njaa yenyewe inakuja saa ileile ambayo shuleni tunapewa makande, inanibana mpaka nataka kulia, nikivumilia kidogo inaondoka yenyewe bila kupewa kitu, jioni inarudi. Gervais anasema hiyo ndiyo dalili, "Kinachokuja kwa saa, kikaondoka, kikarudi, si mgeni wa kawaida." Na mimi niliyelitoa daftarini kwa mkono wangu nimeanza kujiuliza, labda lipo kweli?

Na halikubaki kwangu. Baada ya ibada watu wakaanza kujisikiliza. Mzee Salvatori anasema la kwake linaamka akila maharage. Akina mama wawili wanalo la asubuhi. Mpaka jirani yetu Machibya, Msukuma anayetuuzia maziwa, ambaye kanisa letu haingii, akasimama pale kwetu na galoni lake akamwuliza Nyokuru, "Eti mmepata pepo. Linakuwaje?"

"Linanguruma tumboni mtu akiwa na njaa."

"Basi ng'ombe wangu wanalo. Tena wao matumbo ni manne manne, piga hesabu mwenyewe."

"Usicheke mambo ya Mungu, Machibya."

"Sicheki, bibi, nauliza. Ng'ombe akicheua, hapo ndiyo anatubu?"

Mimi nilikimbilia ndani nikacheka nimeuma mto, halafu nikalia, kwa sababu ya hili ninalokuja kukwambia, ambalo ndilo nimeshikia kalamu.

Nyokuru ana vidonda vya tumbo. Si uvumi, alipimwa, akapewa dawa za kumeza asubuhi kabla ya kula na akaambiwa asikae na njaa. Ile ijumaa aliporudi alikaa kwenye kigoda akasema, "Kumbe lina jina. Mimi limenitesa tangu mama yako hajaolewa, kumbe lina jina." Asubuhi yake nikakuta dawa hajagusa. Naye anafunga na mimi, ili Jumapili ile atolewe lake. Nikimwambia, "Nyokuru, dawa," ananijibu, "Umwana wanje, huwezi kumfukuza mgeni huku unamtandikia kitanda." Uji wa jioni akipokea anaupoza, anaupoza, halafu ananirudishia mimi, anasema wewe bado unakua. Usiku anaukunja mwili. Mchana anaimba. Mshauri, bibi yangu anaacha dawa kwa sababu ya neno la kidato cha tatu.

Nikisema ukweli, Gervais atachekwa mpaka ashindwe kufungua kibanda chake cha baiskeli, Nyokuru ataaibika maana ameshatoa ushuhuda kwa watu wote, kwaya ninayoimba watanitoa na Jean-Marie atanisalimia kwa mbali. Nisiposema, je, akianguka? Na nikisema nani ataamini, maana watasema si mimi ninayesema, ni lenyewe linajitetea. Nimejaribu kusema mara tatu. Nafungua mdomo, tonge linapanda.

Naomba unijibu ila jina langu usiandike, la kijiji si neno, na kama unajua kwa nini tumbo linanguruma hata baada ya muhogo nieleze kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza nimekariri yote na sijaelewa hata moja, na pia kama kuna namna ya kumwambia mtu mzima kwamba

nasikia ndala za Nyokuru uani, zinakuja huku, naitia hii karatasi kwenye ndoo ya unga, uji wa jioni nachota mimi, mtu aliyefunga hafungui ndoo ya unga

Mimi mwenye shida,
Litapunga

*

DADA DOROTEA ANAJIBU
(Majina ya watu tumeyabadilisha. La pepo tumeliacha.)

Mwanangu mwenye shida, karatasi yako imenifikia ikiwa na unga kwenye mikunjo, nimeikung'utia juu ya meza ya waandishi wa michezo hapa gazetini. Nimecheka, sitaficha. Halafu nikafika kwa bibi yako, kicheko kikaisha.

Nikutoe hofu kwanza. Wewe hukudanganya. Uliulizwa jina la kinachonguruma ukataja jina lake sahihi, mwalimu wako angekupa vema. Hata huyo mpiga ngoma kasema kweli, neno ni la Kigiriki. Kosa lako lilianza walipoanza kulifukuza na wewe ukakaa kimya unafutwa jasho kwa kitenge kipya. Na ushukuru Mungu hakuwasikiliza. Hiyo peristalsisi ikikutoka kweli, chakula hakipandi wala hakishuki, utalazwa wodini na mpira puani, na hapo ndipo utakapojua pepo ni nini.

Sasa nisikilize, kwa Kiswahili. Tumbo halingurumi kwa sababu lina mtu. Linanguruma kwa sababu halina kitu. Chakula kikiisha, misuli ya tumbo na utumbo haiendi kulala. Inapita kufagia, kama mama mwenye nyumba baada ya wageni kuondoka, inasukuma makombo, maji na hewa kwenda chini, na kwa kuwa hamna chakula cha kuzuia sauti, mnasikia mpaka barazani. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakusema liwekewe mikono. Ukishakula nako linanguruma, kwa sababu kazi ndiyo imeanza, na wewe ulikuwa unalipa muhogo mbichi chooni, kitu kigumu hicho, ulitaka lifanye kazi kimya? Tena muhogo mbichi uuache. Ipo aina chungu yenye sumu, na tumbo tupu halina la kujitetea. Mzee wa maharage mwambie maharage ni maharage, gesi yake haijawahi kuhitaji maelezo mengine.

Na njaa kuja kwa saa? Wewe ndiye uliyeifundisha. Mwili unajua saa ya makande kuliko kengele ya shule. Ikikaribia, tumbo linatoa kemikali yake, inapita kwenye damu hadi kwenye ubongo kusema leteni. Msipoleta, inapungua, inajaribu tena saa nyingine uliyoizoesha. Shibe nayo ina mjumbe wake: tumbo likitanuka, mishipa ya fahamu inapeleka habari, utumbo unaongezea kwamba inatosha, ila huyu mjumbe hana haraka, anakuja kama treni ya Mpanda. Ndiyo maana mnaofungulia kwa kufakamia mnavimbiwa kabla ubongo haujapata taarifa. Kula taratibu umngoje. Hayo yote ni mambo ya mwili, na kama unaamini kama mimi ninavyoamini, aliyeyaweka ni yuleyule mnayemwomba aje kuyatoa. Kufunga si kosa, watu wamefunga tangu zamani. Kumfungisha mtoto anayekua na mgonjwa wa vidonda, hilo ni kosa, na mwinjilisti wako akiambiwa vizuri atalijua.

Vidonda vya tumbo ni habari nyingine kabisa. Tumbo linatengeneza asidi kali ya kusaga chakula, na mwenye kidonda inamchoma palepale penye kidonda. Mara nyingi chanzo ni kijidudu, au dawa za maumivu zinazomezwa kama karanga. Vinatibika. Lakini haviponi kwa kuviacha vikae na asidi kutwa nzima vinaimbiwa. Bibi yako arudi zahanati wiki hii, aseme aliacha dawa siku ngapi, asione haya, pale wameshasikia makubwa zaidi. Na ukiona ametapika kitu chenye damu au kinachofanana na machicha ya kahawa, au choo chake kimekuwa cheusi kama lami, usiitishe maombi wala usiniandikie barua. Tafuta bodaboda umpeleke hospitali muda huohuo. Maombi mtaendelea nayo njiani.

Sasa wewe na tonge lako. Unaogopa kuchekwa. Utachekwa. Utachekwa mpaka uolewe, na kwenye harusi yako atatokea mtu na kipaza sauti atalisimulia hili, ujiandae. Mwenye ng'ombe yule ameshaanza kucheka na hujafa. Usisubiri Jumapili ya mavuno, na usilitoe hili kanisani mbele ya watu. Humo mdomo wako haufunguki, na ukifunguka unatoa majina. Mwinjilisti mfuate kibandani kwake akiwa peke yake, mikono ina grisi, mtu mwenye grisi mkononi hawezi kukuwekea mkono. Mpelekee lile daftari. Mwonyeshe neno, umsomee maana yake kwa Kiswahili, umwambie, "Baba, uliuliza jina nikakujibu somo." Kama ni mwema unavyosema, atakaa chini alisome mwenyewe, halafu Jumapili atasimama mwenyewe awaambie watu wa vidonda wameze dawa na kila mtu akale. Hilo litampa heshima kuliko pepo kumi. Mpiga ngoma sina la kusema. Kijana anayemsindikiza binti kwa sababu ya kunguruma tumbo, siku tumbo likinyamaza utajua anachofuata. Wewe soma.

Lakini kabla ya mwinjilisti ni Nyokuru. Unaniuliza mtu mzima anaambiwaje. Ningekuandikia maneno ya kusema, ila nilipogeuza karatasi yako nikakuta hayana kazi. Inaonekana ulipoitoa kwenye ndoo uliituma bila kuitazama nyuma. Nyuma kuna mwandiko mwingine, wa penseli, herufi kubwa kama za kitabu cha nyimbo. Mwenye mwandiko kaniomba nisikwambie. Mimi kazi yangu ni siri za watu, hii imenishinda, naiweka kama ilivyo:

"Weye mshauri. Mimi ni nyokuru wake. Nimekuta hii kwenye unga. Nilikuwa nachota unga wa uji nipike kwa kujificha, kila siku napika mtoto akienda shule, Mungu anisamehe, nilizani mwenye imani ndogo ni mimi peke yangu. Dawa ndiyo sijarudia, naona haya nitaanzaje mbele ya mtoto. Usimwambie nimesoma. Nataka aseme mwenyewe, huyu mtoto maneno yanamkaa kooni tangu mdogo, nataka hili moja litoke. Mwambie asikawie. Uji wa kujificha hauna sukari, naogopa kufungua kopo litalia jirani wasikie."

Basi, mwanangu, umesikia. Nyumba moja, waliofunga wawili, na wote wanakula. Weka gazeti hili chini, chukua vikombe viwili na lile kopo la sukari, lifungue kwa nguvu asikie, uingie jikoni.

Dada Dorotea